Samuel Pepys: Karani aliyejifunza kupima mbao za mfalme

Kila nikisoma habari za zabuni za serikali, humkumbuka Mwingereza mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Huyu ni Samuel Pepys, mtoto wa mshona nguo, aliyezaliwa London Februari 23, 1633.

Mwaka 1660 alipewa ukarani katika Bodi ya Jeshi la Majini, iliyonunua mbao, kamba na matanga ya manowari. Alibebwa na jamaa yake mwenye cheo, Edward Montagu. Msomi wa Cambridge huyo hakujua hata hesabu za kuzidisha! Karani wa namna hiyo husaini chochote anacholetewa. Basi Julai 1662 akamwajiri baharia amfundishe, akawa anaamka saa kumi alfajiri kukariri. Baadaye akaenda mwenyewe kukagua mbao, akaona jinsi mfalme anavyopunjwa kwenye vipimo.

Hapo namvulia kofia. Lakini mikono yake nayo haikuwa safi. Aprili 1663 nahodha mmoja alimpa bahasha ya fedha. Pepys akaikung'uta bila kutazama ndani, ili akiulizwa aseme hakuona fedha kwenye karatasi. Ni yeye mwenyewe aliyeyaandika haya, kwa hatimkato, katika shajara yake ya siri iliyochapwa mara ya kwanza 1825. Februari 1664 mfanyabiashara wa mbao, Sir William Warren, alimletea mkewe glavu. Ndani ya kifurushi mlikuwa na vipande 40 vya dhahabu. Julai mwaka huohuo Warren akapata mkataba wa milingoti 1,000. Pepys alishikilia kuwa bei ilimfaa mfalme. Huenda ni kweli, ila nauliza: nani angethubutu kuikagua?

Wakati huo hazina ilikuwa tupu, na mabaharia walipewa vikaratasi badala ya mishahara. Juni 1667 Waholanzi walipoingia Mto Medway na kuchoma manowari, baadhi ya Waingereza walikuwa ndani ya meli za adui. Machi 1668 Pepys aliitetea Bodi bungeni kwa zaidi ya saa tatu, akashinda.

Mwaka 1673 akawa Katibu wa jeshi hilo, na 1677 akaanzisha mtihani kwa wanaotaka uluteni, watoto wa wakubwa wakiwemo. Mwaka 1679 alifungwa kwa tuhuma za kuuza siri kwa Ufaransa, ambazo hazikuthibitishwa. Alirudi kazini 1684, akaacha 1689.

Alifariki Mei 26, 1703, akiidai serikali zaidi ya pauni 28,000. Hazikulipwa.