Ötzi, mtu wa barafu: meno, nywele na tumbo vilisema alikula nini

Aliuawa kwa mshale, juu milimani, miaka karibu 5300 iliyopita. Jina ambalo mama yake alimwita lilipotea kabisa. Ötzi ni jina alilopewa na mwandishi wa habari mmoja wa Austria, kutokana na bonde la Ötztal, karibu na pale maiti ilipatikana. Leo analala mjini Bolzano, kaskazini mwa Italia, ndani ya chumba cha baridi ya digrii 6 chini ya sifuri, na watu wanapanga mstari kumwangalia kupitia dirisha dogo.

Tarehe 19 Septemba 1991, mume na mke kutoka Ujerumani walikuwa wanatembea kwenye milima ya Alpi, mita 3210 juu, pale Austria inapogusana na Italia. Wakaona mwili wa mtu ukitokeza ndani ya barafu. Watu waliwaza ni mpanda mlima aliyekufa miaka ya karibuni tu. Waliokuja kumtoa walitumia hata mashine ya kutoboa mawe, na ikamharibu kwenye nyonga. Shoka yake ya shaba ndiyo ilifungua watu macho. Kisha yakaja maneno ya mpaka: walipopima vizuri, ikaonekana alilala mita 92 hivi ndani ya Italia. Wakaaji wa mipakani hawatashangaa.

Alikuwa mwanaume wa miaka karibu 45, mfupi, mita 1 na sentimita 60, mwenye chale 61 mwilini na meno yaliyooza. Lakini alikulia wapi, na alikuwa anakula nini siku zote? Hapo ndipo kazi ya labo ilianza.

Kila kitu kinacholiwa kinabaki mwilini kwa namna fulani. Kaboni ya chakula ina aina mbili, moja nyepesi na nyingine nzito kidogo, na wataalamu wanaziita isotopu. Mahindi, mtama na miwa vinabeba kaboni nzito kuliko mihogo, mchele au maharagi. Kwa hiyo mtu aliyekula bugali ya mahindi maisha yake yote, na jirani yake wa bugali ya mihogo, mifupa yao haitafanana kwenye mashine, hata wakizikwa kaburi moja. Azoti nayo inapanda ngazi: mbuzi anakula majani, chui anakula mbuzi, na kila anayekula mwenzake anapata azoti nzito zaidi. Mtu wa nyama nyingi au samaki wakubwa anajulikana hivyo.

Halafu kila sehemu ya mwili inachunga wakati wake. Gamba la nje la jino linajengwa utotoni, halibadiliki tena. Mfupa unajijenga upya polepole, kwa hiyo unaeleza miaka kumi, ishirini ya mwisho. Nywele zinaeleza miezi. Tumbo linaeleza siku moja tu.

Mwaka 2003 wachunguzi walilinganisha meno na mifupa ya Ötzi. Mvua ya kusini mwa Alpi inatoka zaidi bahari ya Mediterania, ya kaskazini inatoka Atlantiki, na oksijeni ya maji hayo haina uzito sawa. Meno yakasema mtoto huyu alikunywa maji ya kusini, pengine kwenye bonde la mto Isarco. Mifupa ikaonyesha kwamba alipokuwa mtu mzima alihamia sehemu nyingine, lakini si mbali: maisha yake yote yalipita ndani ya kilomita karibu 60 kutoka pale alipofia.

Juu ya chakula, mambo hayakuwa rahisi hivyo. Mwaka 1999 uchunguzi wa nywele ulionyesha azoti nyepesi, na ikasemwa kwamba Ötzi alikuwa mtu wa mboga na nafaka, nyama kidogo sana. Habari ilipendeza, ikatembea. Kumbe ndani ya matumbo yake mlikuwa nyama ya swala mwekundu wa Ulaya na ya mbuzi wa mlimani! Lakini nywele hazikusema uongo. Zinatoa hesabu ya miezi mingi ikichanganywa pamoja, na azoti ya mla nyama inategemea pia majani aliyokula mnyama mwenyewe. Aliyekosa ni yule aliyetaka kipimo kimoja kijibu maswali yote.

Tumbo lenyewe lilichelewa kuonekana, kwa sababu lilikuwa limesogea juu, chini ya mbavu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: mafuta ya mbuzi wa mlimani kwa wingi, nyama ya swala, ngano ya zamani. Chakula kizito cha mtu anayejua baridi ya mlima.

Na chakula hicho kinaeleza pia kifo chake. Picha za mwaka 2001 zilionyesha ncha ya mshale ndani ya bega la kushoto, umekata mshipa mkubwa wa damu. Kiganja cha kuume kilikuwa na kidonda cha siku chache, dalili kwamba alikuwa amepigana. Lakini tumbo lilikuwa limejaa, chakula bado hakijashuka. Kwa hiyo alikuwa ameketi akala vizuri muda mfupi kabla, si kama mtu anayekimbizwa. Mshale ulimfikia kutoka nyuma. Shoka ya shaba, kitu cha bei kubwa wakati ule, iliachwa hapo karibu naye.