William Tyndale na Neno la Upendo

Kila msomaji wa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho aijua sura ya 13, ile isifuyo upendo. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa zamani, katika nchi ya Uingereza, neno moja la sura hiyo lilileta ugomvi mkubwa kati ya watu wawili wenye elimu, na wote wawili waliuawa kabla ugomvi huo haujatulia. Mmoja wao ni William Tyndale, na habari za maisha yake ndizo hizi.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1494 katika Gloucestershire, upande wa magharibi wa Uingereza. Alisoma katika chuo kikuu cha Oxford, akamaliza masomo yake huko mwaka wa 1515. Mungu alimjalia kipawa cha lugha: alijua Kilatini na Kiyunani, na baadaye akajifunza Kijerumani na Kiebrania. Kisha akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya bwana mmoja huko Little Sodbury. Hapo akaona jinsi watu wengi, hata baadhi ya mapadre, wasivyoyajua Maandiko. Akaazimu kuyatia katika Kiingereza, ili hata kijana alimaye shamba apate kuyasoma.

Kazi hiyo ilikuwa imekatazwa tangu mwanzo wa karne ya 15, isipokuwa kwa idhini ya askofu. Basi mwaka wa 1523 akaenda London kwa Askofu Cuthbert Tunstall, akitumaini kupata ruhusa na mahali pa kukaa. Askofu akamjibu ya kuwa nyumba yake imejaa. Mfanya biashara mmoja wa nguo, Humphrey Monmouth, ndiye aliyemkaribisha. Mwaka wa 1524 Tyndale akavuka bahari kwenda Ujerumani, wala hakurudi kwao tena.

Mezani pake alikuwa na Agano Jipya la Kiyunani lililotengenezwa na Erasmus, na lile la Kijerumani la Martin Luther lililotoka mwaka wa 1522. Mwaka wa 1525 kitabu chake kikaanza kupigwa chapa mjini Cologne. Adui zake wakapata habari, naye akakimbia na karatasi zake, akaufuata mto Rhine mpaka Worms. Huko kazi ikaisha mwaka wa 1526. Vitabu vikaingizwa Uingereza kwa siri pamoja na mizigo ya wafanya biashara, na Tunstall akaamuru vichomwe moto. Nakala za chapa hiyo zijulikanazo leo ni tatu tu.

Sasa tuliangalie lile neno. Waingereza wana maneno mengi ya kupenda. Neno lao la asili ni love, nalo hutumika kwa mama na mtoto wake, kwa mume na mke, kwa marafiki, na hata kwa tamaa ya mwili. Neno jingine, charity, lilitoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Hilo lilikuwa neno la kanisani: maana yake upendo mtakatifu, lakini pia huruma, na sadaka wapewazo maskini. Paulo aliandika agape kwa Kiyunani. Biblia ya Kilatini ikaandika caritas katika sura ile, na waliotafsiri kutoka Kilatini wakaandika charity. Tyndale akaandika love.

Mwaka wa 1529 Thomas More, mwanasheria mashuhuri na mtu mwenye bidii ya dini, alitoa kitabu cha kumshutumu. Alisema ya kuwa love ni jina la kila namna ya kupenda, kwema na kubaya, bali charity ni jina la upendo mwema tu. Kwa nini kuliacha neno safi na kulishika la njiani? Tena alihofu ya kuwa Tyndale, kwa kumfuata Luther, ataka kuyadharau matendo mema.

Tyndale alijibu mwaka wa 1531. Alionyesha ya kuwa charity haliwezi kufanywa kitendo: Mwingereza husema ampenda Mungu na jirani yake, naye hutumia love. Tena charity lina maana nyingi, na msikilizaji aweza kushika isiyo yake. Na kweli, Paulo asema katika sura iyo hiyo ya kuwa mtu aweza kuwagawia maskini mali yake yote, naye asiwe na upendo. Aliyezoea kuita sadaka kwa jina la charity, ataufahamuje mstari huo?

Hawakupatana. More alikataa kuapa ya kuwa mfalme ni mkuu wa kanisa, akakatwa kichwa Julai 1535. Mwezi wa Mei mwaka huo Tyndale alikuwa amesalitiwa na mtu aliyejifanya rafiki yake mjini Antwerp, akafungwa katika ngome ya Vilvoorde. Katika baridi ya gereza aliandika barua kuomba kofia na koti la joto, na taa ya jioni. Zaidi ya hayo aliomba Biblia yake ya Kiebrania. Mwezi wa Oktoba 1536 alinyongwa, na mwili wake ukachomwa moto.

Mwaka wa 1539 Biblia kubwa ya Kiingereza ikatolewa ili iwekwe makanisani kwa amri ya mfalme, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Tyndale. Wafasiri wa mwaka wa 1611 walirudisha charity katika sura ile. Lakini walioisahihisha kazi yao waliandika love mwaka wa 1881, kwa maana charity lilikuwa limekwisha kuwa neno la sadaka tu.

Nasi tuna upendo, mapenzi, huba na mahaba. Katika Sala ya Bwana mapenzi ni nia ya Mungu. Katika nyimbo za arusi ni jambo jingine. Kwa hiyo mwalimu wa dini, asimamapo kufundisha, na aulize kwanza ni neno gani walilolisikia wale walioketi mbele yake.