Luigi Cornaro: Tajiri aliyeacha kula bata, akaanza kupima chakula chake

Hata miaka 40 hajafikisha, madaktari walishamwambia Luigi Cornaro kwamba asipobadili maisha, ana miezi tu.

Huyu alikuwa tajiri wa Padua, Italia, miaka ya 1500. Alipata pesa kwa kukausha mabwawa na kuyageuza mashamba. Na pesa hizo alizila kweli: karamu, mvinyo, nyama. Matokeo yake tumbo likawa linamsumbua, jongo likaanza, homa na kiu haviishi.

Dawa zote zikashindwa. Ikabaki moja tu, kupunguza kula.

Cornaro akajiwekea kipimo: aunsi 12 za chakula kwa siku. Kwa kipimo cha leo ni kama gramu 340 hivi, yaani mkate, kiini cha yai, nyama kidogo na supu, vyote kwa pamoja! Juu yake aunsi 14 za mvinyo (hapo hakujinyima sana). Kabla mwaka haujaisha, alikuwa amepona.

Miaka ikapita. Uzeeni, ndugu na marafiki wakaona mzee anajitesa. Wakamsihi aongeze, walau kidogo. Akakubali shingo upande: chakula aunsi 14, mvinyo 16. Siku chache tu akawa mtu wa hasira na huzuni, kisha homa ikamlaza zaidi ya mwezi. Akarudi kwenye 12 zake, akainuka.

Mwaka 1558 alichapisha kitabu kuhusu maisha ya kiasi, kikatafsiriwa lugha nyingi na kusomwa karne kwa karne. Alifariki Padua mwaka 1566.

Sasa, kuna kasoro. Mzee alipenda kujiongezea umri, ndiyo maana wapo walioandika kwamba alikaribia au kupita miaka 100. Wanahistoria wengi siku hizi wanasema alizaliwa 1484 hivi, kwa hiyo alifariki na miaka kama 82. Kwa zama zile bado si mchezo, ila 100 haikufika.

Wanasayansi walikuja kulipima wazo lake baadaye. Mwaka 1935, Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kuwa panya waliopunguziwa kalori bila kunyimwa virutubisho waliishi muda mrefu zaidi. Kwa binadamu, watu wazima waliopunguza kalori kwa takriban asilimia 12 kwa miaka miwili walishusha presha na kolesteroli. Kama wanaishi zaidi, hilo halijathibitishwa. Na walipoteza pia misuli na uimara kidogo wa mifupa, vitu ambavyo mzee anavihitaji asianguke.

Cornaro mwenyewe hakumlazimisha mtu kula aunsi 12. Alikiri tumbo lake lilikuwa dhaifu, na kwamba mwenye tumbo imara anaweza kula zaidi yake.