Menelik II: Aliukana mkataba, deni akalilipa

Kusaini ni rahisi. Kazi ni kujua umesaini nini. Menelik II wa Ethiopia alilijua hilo akiwa ameshakubali, na ilimchukua miaka saba na vita kubwa kujinasua.

Alizaliwa mwaka 1844 katika ukoo wa kifalme wa Shewa, jina lake likiwa Sahle Maryam. Alipofika miaka 11, baba yake alifariki na Mfalme Tewodros II akaiteka Shewa. Mtoto akachukuliwa mateka na baadaye kuwekwa kwenye ngome ya Magdala.

Hakuteswa. Alilelewa vizuri na hata kuozwa binti wa Tewodros. Lakini mateka ni mateka tu. Mwaka 1865 alitoroka, akamwacha mke huko huko na kwenda kukalia kiti cha baba yake.

Bosi mmoja, marafiki wawili

Mwaka 1878 Menelik alikubali kuwa chini ya Mfalme Yohannes IV. Pembeni, aliendelea kujenga urafiki na Waitaliano, waliokuwa wakigombana na Yohannes huyo huyo. Yeye alitaka bunduki, wao walitaka mtu wao ndani.

Machi 1889 Yohannes aliuawa vitani dhidi ya Wamahdi wa Sudan. Njia ikawa nyeupe.

Mei 2 mwaka huo, Menelik alifunga mkataba na Italia huko Wuchale. Mwakilishi wa Italia alikuwa Pietro Antonelli. Italia ilimtambua Menelik kuwa mfalme mkuu, naye akaiachia eneo la kaskazini ambalo leo ni sehemu ya Eritrea. Baadaye binamu yake, Makonnen, baba mzazi wa Haile Selassie, alikwenda Italia na kukubaliana mkopo wa lira milioni 4. Dhamana ilikuwa ushuru wa forodha wa Harar.

Kasheshe ya kifungu cha 17

Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Kwa Kiamhari, kifungu cha 17 kilisema Menelik anaweza kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano, ni lazima aitumie.

Neno moja tu, lakini maana yake ilikuwa kwamba Ethiopia iko chini ya Italia. Na Italia ikaitangazia Ulaya hivyo hivyo.

Menelik alishtuka pale alipowaandikia Malkia Victoria wa Uingereza na mfalme wa Ujerumani kuwajulisha kuwa ametawazwa. Majibu yakaja: mambo yako yapitie Italia. Kumbe alishauzwa!

Alianza kwa kudai kifungu kirekebishwe. Antonelli akarudi kujadiliana, lakini Malkia Taytu, mke wa Menelik, hakutaka kusikia habari ya nchi yake kuwa chini ya mtu. Mwanzoni mwa 1891 mazungumzo yalivunjika.

Februari 1893 Menelik aliyaandikia mataifa ya Ulaya kwamba mkataba wa Wuchale basi. Mkopo nao akaulipa, pamoja na riba.

Hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Wakati ule, deni lilikuwa mlango wa kuingilia nchi za watu. Misri ilishindwa kulipa wakopeshaji wa Ulaya, fedha zake zikawekwa chini ya usimamizi wao, na mwaka 1882 Uingereza ikaingiza jeshi. Menelik alikana maneno ambayo hakuyakubali, lakini pesa aliyoipokea aliirudisha. Italia ikabaki bila cha kumdai.

Na haikuwa pesa ya mchezo. Ethiopia ilikuwa imetoka kwenye njaa kali iliyoanza 1888, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe. Ni sotoka hiyo hiyo iliyoshuka hadi kwa Wamaasai na kuwaacha hawana kitu.

Adwa

Italia haikukubali. Mwaka 1895 majeshi yake yalisonga mbele kutoka Eritrea. Menelik akaita watu wake, wakaja kwa makumi ya maelfu, Taytu naye akiwa na kikosi chake.

Machi 1, 1896, huko Adwa, jeshi la Jenerali Oreste Baratieri la watu wapatao 17,000 lilivunjwa ndani ya siku moja. Maelfu walikufa, na Waziri Mkuu wa Italia, Francesco Crispi, akaachia ngazi.

Wafungwa wa Kitaliano walitunzwa hadi wakarudi kwao. Askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Italia hawakuwa na bahati hiyo: mamia walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, wakihesabiwa kuwa wasaliti.

Kusini nako kuna watu wanaomkumbuka kwa uchungu. Mwaka 1894, akiwa anapinga kutawaliwa na Italia, jeshi lake liliivamia Wolayta, likaua wengi na kuondoka na mateka na mifugo. Watu wa huko hawakuwa na kifungu cha kukikana.

Mara hii hakuna mtego

Oktoba 26, 1896, Italia ilisaini mkataba mpya jijini Addis Ababa. Ule wa Wuchale ulifutwa na uhuru kamili wa Ethiopia ukatambuliwa. Eritrea, hata hivyo, Menelik aliiacha mikononi mwa Waitaliano.

Kuanzia 1906 kiharusi kilianza kumdhoofisha, na Desemba 1913 akafariki.

Mkataba ule wa Addis Ababa nao uliandikwa kwa lugha mbili: Kiamhari na Kifaransa. Kiitaliano hakikuwemo.