Roald Dahl: Mtunzi wa miujiza ya watoto aliyeporwa binti na surua

Vitabu vyake vimejaa watoto wapweke wanaogundua nguvu za ajabu. Lakini Roald Dahl, mmoja wa waandishi wa watoto wanaosomwa zaidi duniani, hakuwa na muujiza wa kumwokoa binti yake mwenyewe.

Dahl alizaliwa Septemba 13, 1916, Llandaff, Wales, kwa wazazi wenye asili ya Norway. Akiwa na miaka mitatu, dada yake Astri, aliyekuwa na miaka saba, alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Wiki chache baadaye baba yao naye akafa kwa nimonia. Alipofikisha miaka tisa alipelekwa shule ya bweni, mbali na mama yake, ambako viboko vilikuwa jambo la kawaida.

Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimtuma Dar es Salaam, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Uingereza. Huko alijifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1939, alipewa kikosi cha askari kuwazuia Wajerumani waliotaka kuondoka mjini. Kisha aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwaka 1940 ndege yake ilianguka jangwani Afrika Kaskazini, akaumia kichwa na kukaa wiki kadhaa bila kuona.

Kitabu chake cha James and the Giant Peach kilitoka mwaka 1961. Kinamhusu yatima ambaye wazazi wake waliliwa na kifaru. Anateswa na shangazi zake, hadi siku anapopewa mfuko wa vitu vidogo vya kichawi vinavyolifanya tunda la pichi likue kama nyumba.

Mwaka uliofuata, Novemba 1962, binti yake Olivia alipata surua iliyoshambulia ubongo, akafariki. Alikuwa na miaka saba, umri uleule wa Astri. Wakati huo chanjo ya surua ilikuwa bado haijaanza kutumika.

Mwaka 1982 Dahl alimtunukia Olivia kitabu cha The BFG. Katika miaka hiyo ya 1980 aliwaandikia pia wazazi wa Uingereza akiwasihi wawachanje watoto wao. Mwaka 1988 alitoa Matilda, msichana aliyepuuzwa nyumbani anayesogeza vitu kwa macho.

Hakuwa mtu asiye na doa. Mwaka 2020 familia yake iliomba radhi kwa matamshi yake ya chuki dhidi ya Wayahudi.

Dahl alifariki Novemba 23, 1990, mjini Oxford, akiwa na miaka 74.

Ziwa lililoipa jina nchi aliyofanyia kazi ujanani ndilo lililoupa jina pia mkoa wa Tanganyika, ambao makao yake makuu ni Kalemie, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika nchi hiyo, mlipuko wa surua uliotangazwa rasmi mwaka 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo. Kwa wazazi wa huko, ombi la Dahl halijapitwa na wakati.