Faraday na Koili Yake

Muhula uliopita nilizungusha waya kwenye chupa ya soda, nikaichomoa chupa ili katikati ya koili ibaki hewa tupu. Nikaiunganisha na redio niliyokuwa nikiitengeneza. Wapi! Kimya. Kumbe waya wangu haukuwa na ganda, na mizunguko ilikuwa ikigusana. Nusura nitupe kila kitu. Ndipo nikasoma habari za Michael Faraday.

Faraday alizaliwa Uingereza mwaka wa 1791, mwana wa mhunzi maskini. Shule aliionja tu. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London, akawa anavisoma vile vile alivyovijalidi. Mwaka wa 1813 akapata kazi ya msaidizi wa maabara chini ya mwanasayansi Humphry Davy.

Mwezi wa Oktoba 1831 alizungusha waya wa shaba juu ya bomba la karatasi, akiitenga mizunguko kwa kamba na kitambaa. Akaisukuma sumaku ndani, mshale wa kipimo cha umeme ukacheza. Akaichomoa, ukacheza tena. Umeme bila betri, jamani! Jenereta za leo zimetokana na ugunduzi huo. Faraday aliaga dunia mwaka wa 1867.

Basi nami nimeizungusha koili upya, safari hii kwa waya uliopakwa vanishi. Redio sasa inanong'ona. Wahenga hawakukosea: mvumilivu hula mbivu.