Maria Montessori: Daktari Aliyerudi Darasani kwa Ajili ya Watoto

Tunapotafuta mlezi wa chekechea ya parokia, mara nyingi tunauliza jambo moja tu: je, anawapenda watoto? Swali ni jema, lakini halitoshi. Maisha ya Maria Montessori yanatufundisha hivyo.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia. Mwaka 1896 alihitimu udaktari Roma, wakati wanawake madaktari nchini mwake walihesabika kwa vidole. Akihudumia watoto wenye ulemavu wa akili, alitambua kwamba walihitaji malezi kuliko dawa. Basi, daktari huyo mwenye shahada yake akarudi chuo kikuu kusoma falsafa na anthropolojia. Sisi tunaosoma falsafa tunamwelewa: huwezi kumlea mtoto vizuri kama hujajiuliza mtoto ni nani.

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walishinda kazini, na watoto walibaki wakizurura na kuchafua kuta. Wenye majengo walitaka utulivu tu. Maria aliwapa watoto vifaa vya kushika kwa mikono, akawafundisha kunawa, kupanga meza na kupapasa herufi. Wenye miaka minne na mitano wakaanza kuandika.

Wengi walitaka kumwiga, lakini aliona kuiga kwa macho hakutoshi. Mwaka 1909 alianza kozi ya walimu huko Città di Castello, na mwaka 1913 ya kimataifa Roma. Wanafunzi walisikiliza mihadhara, wakazoea vifaa, wakawatazama watoto kwa saa nyingi, wakafanya mitihani ndipo wakapata stashahada.

Safari hiyo haikukosa msalaba. Mwaka 1898 alimzaa Mario nje ya ndoa, na mtoto akalelewa shambani na watu wengine. Mama aliyefundisha dunia kulea hakumlea wa kwake hadi alipokuwa kijana. Baadaye Mario akawa msaidizi wake mkuu. Shule zake zilifungwa chini ya utawala wa Mussolini. Mwaka 1939 alikwenda India kwa kozi fupi, vita vikamzuia huko hadi 1946. Akafundisha walimu zaidi ya elfu moja. Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952.

Leo hata Tanzania masista wanaendesha vyuo vya ualimu wa Montessori. Wapo mabinti wanaotamani kusoma huko ila ada hawana, na wapo walimu wenye cheti wanaolipwa posho kana kwamba wanajitolea. Kesho baadhi yetu tutakuwa maparoko na chekechea zitakuwa mikononi mwetu. Tukichangia zege la kanisa, tukumbuke pia ada ya mwalimu. Upendo kwa watoto ni mwanzo. Kumsomesha anayewalea ni upendo huohuo ukifanya kazi.